Jinsi ya Kuchora Ateri za Njia ya Chakula kwa Kichwa: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uuguzi au wa utabibu ambaye majina ya ateri za tumboni yanamchanganya. Hapa Mombasa nimewaona wengi, wa chuo cha utabibu cha KMTC na wa vyuo vingine, wakikesha na orodha ya matawi mpaka wakaijua yote, kisha asubuhi wanaulizwa swali moja tu, kwa nini kidole tumbo kilichovimba huoza upesi, wakabaki kimya. Orodha wanayo. Wanachokosa ni ramani: kila ateri inaanzia wapi, eneo lake linakomea wapi, na ikiziba ni jirani yupi atakayeleta damu. Ramani hiyo huipati kwa kusoma. Unaipata kwa kuichora wewe mwenyewe, karatasi baada ya karatasi, mpaka mkono uizoee. Na katika kuchora, nakuomba ukazie mipaka, mahali eneo la ateri moja linapokutana na la nyingine, kwa kuwa hapo ndipo utajua nani atapona na nani atakufa ateri ikiziba.

Tafuta karatasi za A4, penseli, kifutio, na kalamu nne za rangi tofauti. Baadaye utahitaji matumbo ya mbuzi, lakini hayo tutayafikia.

Hatua ya 1: Aota na nukta tatu

Weka karatasi wima. Katikati chora mistari miwili sambamba kutoka juu hadi karibu na chini. Hiyo ni aota ya tumbo, sehemu ya ateri kuu itokayo moyoni. Inaingia tumboni kwa kupita nyuma ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, mbele ya pingili ya 12 ya kifua, inateremka ikiwa imeegemea uti wa mgongo, kisha inagawanyika njia mbili mbele ya pingili ya 4 ya kiuno. Pembeni mwa karatasi andika kutoka juu kwenda chini: kifua 12, kiuno 1, kiuno 2, kiuno 3, kiuno 4.

Aota hutoa matawi mengi humo njiani: ya figo, ya tezi zilizo juu ya figo, ya korodani au ovari, ya ukuta wa tumbo. Hayo huja mawili mawili, moja kila upande. Yaache kwa leo. Yetu ni matatu yanayochomoza mbele ya aota, kila moja peke yake.

Weka nukta ya kwanza kwenye kifua 12, pale inapokaribia kiuno 1. Hilo ni shina la siliaki. Nukta ya pili iweke kwenye kiuno 1, kama sentimita 1 tu chini ya ile ya kwanza: ateri ya mesenterika ya juu. Ya tatu iko mbali, kwenye kiuno 3, sentimita 3 hadi 4 kabla aota haijagawanyika: ateri ya mesenterika ya chini. Usizipange nukta hizi kwa umbali sawa ili mchoro upendeze. Mbili za juu zimekaribiana, ya tatu iko peke yake, na ukubwa wao haulingani pia: ya chini ndiyo nyembamba kuliko zote.

Hatua ya 2: Gawa njia ya chakula kabla ya kuchora tawi lolote

Hapa ndipo wengi hukimbilia matawi wakapotea. Tulia kwanza. Chora upande mmoja wa karatasi njia ya chakula yote: umio, tumbo lenyewe, duodeni, utumbo mwembamba (jejunamu kisha ileamu), utumbo mpana (unaoanza na sikamu na kuishia na sigmoidi), rektamu. Sasa ikate vipande vitatu.

Mtoto akiwa bado kiinitete tumboni mwa mama, utumbo wake ni mrija mmoja ulionyooka wenye sehemu tatu, ya mbele, ya kati na ya nyuma, na kila sehemu ina ateri yake. Mrija ule hurefuka, hujikunja na kuzunguka, lakini kila sehemu hubaki na ateri yake ile ile. Kwa hiyo sehemu ya mbele ni ya siliaki: mwisho wa umio, tumbo, na mwanzo wa duodeni, pamoja na ini, kifuko cha nyongo na kongosho ambavyo vilichipuka kutoka kwenye sehemu hiyo. Wengu haukutokana na mrija huo, ila nao hulishwa na siliaki. Sehemu ya kati ni ya mesenterika ya juu. Ya nyuma ni ya mesenterika ya chini.

Mpaka wa kwanza uchore katikati ya duodeni, kwenye sehemu yake ya pili, pale mfereji wa nyongo unapomwaga. Mpaka wa pili uko kwenye utumbo mpana unaokatisha tumbo kutoka kulia kwenda kushoto. Theluthi mbili za kwanza za kipande hicho ni za mesenterika ya juu, theluthi ya mwisho ni ya mesenterika ya chini. Paka rangi maeneo matatu sasa hivi, kabla hujaandika jina la tawi hata moja.

Mgawanyo huu unakupa jambo la wodini bure. Neva zinazobeba maumivu ya matumbo husafiri pamoja na ateri hizi. Maumivu ya eneo la siliaki mgonjwa huyaonyesha chini ya chembe cha moyo. Ya eneo la mesenterika ya juu huyaonyesha kitovuni. Ya eneo la chini huyaonyesha chini ya kitovu, karibu na kibofu. Kijana mwenye kidole tumbo kilichovimba huanza kwa kushika kitovu, ingawa kidole tumbo chake kiko chini kulia, na maumivu huhamia kulia pale uvimbe unapogusa utando wa ukuta wa tumbo.

Sehemu ya kati ina kisa chake, nami nataka ukijue vizuri. Karibu na wiki ya 6 ya mimba hukosa nafasi tumboni mwa kiinitete, ikatoka nje na kuingia kwenye kitovu. Humo inaanza kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa, na mhimili wa mzunguko wote huo ni ateri ya mesenterika ya juu. Karibu na wiki ya 10 inarudi ndani ikiendelea kuzunguka, mpaka jumla ifike nyuzi 270. Mzunguko usipokamilika, utumbo wa mtoto hubaki umening'inia kwenye shina jembamba la utando, na unaweza kujisokota na kuibana ateri hiyo. Mtoto mchanga anayetapika matapishi ya kijani si wa kungojea kesho. Mpeleke hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Shina la siliaki

Ni fupi sana, sentimita 1 hadi 2, kisha linagawanyika matawi matatu. Madaktari wengi bado huyaita utatu wa Haller, kwa jina la Mswisi Albrecht von Haller.

Tawi la kwanza na dogo kuliko mengine, gastrika ya kushoto, linapanda kwenda kwenye maungio ya umio na tumbo, linatoa vijitawi kwa mwisho wa umio, kisha linateremka likifuata ukingo mfupi wa tumbo.

La pili, ateri ya wengu, linaelekea kushoto juu ya kongosho. Lichore likijikunjakunja, kwa sababu ndivyo lilivyo kwa watu wengi, hasa wakizeeka. Njiani linalilisha kongosho. Karibu na wengu linatoa gastrika fupi kadhaa kwa sehemu ya juu ya tumbo, na gastroepiploika ya kushoto kwa ukingo mrefu wa tumbo.

La tatu ni ateri ya ini ya pamoja, na ndilo linaloelekea kulia. Linapofika juu ya duodeni linagawanyika. Moja, gastroduodena, linateremka nyuma ya sehemu ya kwanza ya duodeni. Jingine, ateri ya ini halisi, linapanda kwenda kwenye ini, mfereji wa nyongo ukiwa kulia kwake na vena ya porta, inayoleta damu ya matumbo kwenye ini, ikiwa nyuma yao wote wawili. Vitu vitatu hivyo vikikaa pamoja kwenye ukingo wa utando, daktari wa upasuaji anaweza kuvibana kwa vidole na kupunguza damu inayomwagika kutoka kwenye ini lililochanika. Mbinu hiyo daktari wa upasuaji Pringle aliieleza mwaka 1908 na inatumika mpaka leo. Gastrika ya kulia hutoka karibu na hapo na kurudi kwenye ukingo mfupi wa tumbo, ikakutana na ile ya kushoto. Ateri ya kifuko cha nyongo kwa kawaida hutoka kwenye tawi la kulia la ateri ya ini.

Rudi kwenye gastroduodena na uiwekee alama nzito. Kidonda cha duodeni kikiwa ukuta wa nyuma kinaitafuna ateri hii yenyewe, na mgonjwa hutapika damu nyingi au hupata choo cheusi chenye kunata. Vidonda hivyo huletwa zaidi na bakteria Helicobacter pylori na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na aspirini, zile zinazonunuliwa dukani na kumezwa kila siku kwa ajili ya goti au mgongo. Mtu anayezitumia muda mrefu, muulize rangi ya choo chake. Kidonda cha tumbo lenyewe, kikiwa ukingo mfupi, aghalabu huvuja kutoka gastrika ya kushoto.

Mwisho wa gastroduodena ni matawi mawili ya maana: gastroepiploika ya kulia, inayofuata ukingo mrefu wa tumbo hadi ikutane na ya kushoto, na pankreatikoduodena za juu, zinazokizunguka kichwa cha kongosho. Kwa hiyo tumbo lina mizunguko miwili ya damu, mmoja kila ukingo, na kila mzunguko unalishwa kutoka ncha zake mbili. Ndiyo maana madaktari wa upasuaji hufunga ateri kadhaa za tumbo na tumbo likaishi. Saratani ya umio ni ya kawaida katika Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia, na mgonjwa akitolewa umio, tumbo hugeuzwa kuwa mrija na kupandishwa kifuani. Mrija huo unaishi kwa kutegemea zaidi ateri moja, gastroepiploika ya kulia. Ijeruhi, na mrija mzima unakufa.

Hatua ya 4: Mesenterika ya juu

Kama una usiku mmoja tu wa kusoma, soma hii.

Inatoka kiuno 1 nyuma ya shingo ya kongosho, inateremka mbele ya sehemu ya tatu ya duodeni, halafu inaingia kwenye utando wa utumbo mwembamba. Chora duodeni ikipita kati yake na aota, pamoja na vena ya figo ya kushoto juu yake. Pembe kati ya ateri hii na aota kwa kawaida ni nyuzi 38 hadi 65. Mtu akikonda ghafla na kupoteza shahamu inayoishikilia pembe hiyo, inaweza kushuka chini ya nyuzi 25, ikaibana duodeni, naye akawa anatapika kila akila.

Sasa matawi. Kulia kwake chora haya kutoka juu: pankreatikoduodena ya chini, kolika ya kati kwa utumbo mpana unaokatisha, kolika ya kulia kwa ule unaopanda, na ileokolika kwa sikamu na mwisho wa ileamu. Kolika ya kulia usishangae ukiikosa kwenye maiti mingine, au ukaikuta inatoka kwenye ileokolika. Kutoka kwenye ileokolika chora ateri ya kidole tumbo, ikipita nyuma ya mwisho wa ileamu na kukimbia ndani ya utando wake mdogo hadi nchani. Haina jirani wa kuisaidia. Uvimbe unapoubana utando huo, damu huganda ndani ya ateri, ncha inaoza, na kidole tumbo hutoboka. Hilo ndilo jibu la lile swali la asubuhi.

Kushoto kwake chora matawi mengi ya utumbo mwembamba, kumi na zaidi. Utumbo huo una urefu wa kama mita 6, lakini shina la utando wake ukutani ni sentimita 15 tu, kutoka kushoto ya kiuno 2 kuteremka hadi chini kulia. Ndani ya utando matawi hayo huungana kwa matao, na kutoka kwenye matao hutoka ateri nyembamba zilizonyooka zinazoingia kwenye ukuta wa utumbo. Kwenye jejunamu matao ni machache na ateri zilizonyooka ni ndefu. Kwenye ileamu matao yamepandana tabaka kadhaa, na ateri zilizonyooka ni fupi. Daktari wa upasuaji akiwa ameshika kipande cha utumbo bila kujua ni cha wapi, hutazama matao. Zile ateri zilizonyooka haziungani tena zikishaachana na tao la mwisho. Ukikata utando karibu sana na utumbo kwa urefu, kipande hicho hakina pa kupata damu.

Kwa nini bonge la damu kutoka moyoni hupenda ateri hii? Tazama mchoro wako. Ni nene, na inatoka kwa pembe kali inayoelekea chini, karibu sambamba na aota, hivyo kinachoteremka huingia moja kwa moja. Mara nyingi bonge hukwama baada ya kolika ya kati kutoka, pale ateri inapopungua unene, na ndiyo maana mwanzo wa jejunamu huweza kubaki mzima huku kuanzia hapo kwenda chini kunakufa. Usifikiri ni ugonjwa wa wazee pekee. Homa ya baridi yabisi huharibu vali za moyo za vijana wetu wengi, na moyo wenye vali iliyobana ukianza kupiga bila mpangilio hutengeneza mabonge hayo.

Hatua ya 5: Mesenterika ya chini

Hii ni rahisi. Kutoka kiuno 3 inaelekea kushoto na chini. Tawi la kwanza ni kolika ya kushoto, linapanda kuelekea pembe ya wengu, yaani kona ya utumbo mpana iliyo karibu na wengu, na utumbo mpana unaoshuka. Kisha sigmoidi, mbili hadi nne. Baada ya hapo ateri yenyewe inaingia nyongani na kubadilika jina, ikawa rektali ya juu.

Hatua ya 6: Njia za kupokezana

Chukua rangi ya nne, tofauti na zile tatu, kwa ajili ya hatua hii peke yake.

Kivuko cha Likoni kikisimama, wa Diani na Ukunda hawakatikiwi na dunia, kwa kuwa kuna barabara ya Dongo Kundu. Ni mzunguko mrefu, lakini gari litafika. Mwili una njia zake za namna hiyo, na ni tatu za kujua.

Ya kwanza ni mzunguko wa kichwa cha kongosho. Pankreatikoduodena za juu zinatoka upande wa siliaki, ya chini inatoka mesenterika ya juu, na zinakutana. Siliaki ikizibwa taratibu, kwa mfano na utepe wa kiwambo unaoikandamiza kwa baadhi ya watu, damu hupanda kwa njia hii na ini likaendelea kupata.

Ya pili ni ateri ya ukingoni, inayofuata ukingo wa ndani wa utumbo mpana kuanzia sikamu hadi sigmoidi, na kolika zote zinaingia kwake. Inaitwa ya Drummond. Kuna nyingine iliyo ndani zaidi, tao la Riolan, inayounganisha kolika ya kati na kolika ya kushoto kwa njia fupi, ila si kila mtu anayo. Kwa ajili ya ateri ya ukingoni madaktari wanaotengeneza aota iliyotanuka huweza kuifunga mesenterika ya chini, na kwa wagonjwa wengi utumbo ukabaki mzima.

Ya tatu iko kwenye rektamu. Rektali ya juu inatoka mesenterika ya chini, ya kati inatoka iliaki ya ndani, na ya chini inatoka pudenda ya ndani. Kwa kupata damu kutoka pande zote mbili, rektamu ni nadra kufa kwa kukosa damu.

Sasa weka alama ya hatari mahali ambapo njia hizi ni nyembamba. Pembe ya wengu, ambapo eneo la mesenterika ya juu linakutana na la chini, kuna kiungo dhaifu kinachoitwa nukta ya Griffiths. Pale sigmoidi inapokutana na rektamu kuna nyingine, ya Sudeck. Mtu aliyepoteza damu nyingi au aliyeshukiwa na presha kwa saa kadhaa, ateri zake zote zikiwa wazi, huumia kwenye nukta hizi kwanza: tumbo la kushoto linauma, kisha anaharisha damu.

Kupokezana huku kunaeleza na mgonjwa wa aina nyingine. Ateri zikiziba polepole kwa mafuta, mtu huweza kuishi bila dalili yoyote mpaka mbili kati ya tatu ziwe zimebana. Matumbo pamoja na ini huchukua karibu robo ya damu inayotoka moyoni mtu akiwa amepumzika, na baada ya chakula kizito mahitaji hayo yanaongezeka sana. Ndipo mzee anapoanza kuumwa na tumbo kama nusu saa baada ya kula, kila siku, mpaka akaogopa chakula. Mwezi wa Ramadhani utamwona anafungua kwa tende na maji, kisha anakaa mbali na futari. Watu wa nyumbani watasema amepoteza hamu. Mwulize vizuri: je, hana hamu, au ana njaa na anaogopa? Na mpime uzito.

Hatua ya 7: Ncha za juu

Zipitie haraka. Ulimi, uso na taya hulishwa na matawi ya karotidi ya nje. Umio una walishaji watatu: shingoni ni thairoidi ya chini, kifuani ni matawi madogo ya aota yenyewe, na chini ya kiwambo ni gastrika ya kushoto pamoja na frenika ya chini ya kushoto. Matawi ya katikati ni membamba, na hiyo ni sababu mojawapo ya mshono kwenye umio kutaka uangalifu mwingi.

Hatua ya 8: Uhamishe mchoro kwenye mwili

Mwombe rafiki wa jinsia yako alale chali, kwa ridhaa yake. Tafuta kishimo kilicho juu ya mfupa wa kifua, halafu ukingo wa juu wa mfupa wa kinena. Katikati kabisa ya umbali huo chora mstari wa kukatisha. Hapo ndani ni usawa wa kiuno 1, na mesenterika ya juu inatoka hapo. Upana wa kidole juu yake ni siliaki. Ukingo wa chini kabisa wa mbavu ni usawa wa kiuno 3, yaani mesenterika ya chini. Vilele vya mifupa ya nyonga ni kiuno 4, aota inapogawanyika, kushoto kidogo na chini ya kitovu.

Kwa mtu mwembamba utaihisi aota ikidunda juu ya kitovu. Pima upana wa mdundo kwa vidole vya mikono miwili. Aota ya tumbo ikifika sentimita 3 kwa upana imetanuka kupita kiasi, na mtu huyo apelekwe kupigwa picha ya mawimbi ya sauti.

Hatua ya 9: Matumbo ya mbuzi

Nenda Marikiti au Kongowea asubuhi, kabla matumbo hayajasafishwa. Mwambie muuzaji wazi unachotaka: "Ami, nipe utumbo mwembamba wa mbuzi, na utando wake wote, usinitolee shahamu wala usikate." Atakuuliza ya nini. Mwambie ni ya masomo.

Vaa glavu. Tandaza utando kwenye sinia jeupe, uinue kipande kielekee kwenye mwanga wa dirisha. Mishipa yenye ukuta mwembamba na damu nyeusi ndani ni vena. Ile ya rangi hafifu, yenye ukuta mgumu unaobaki wazi ukiukata, ni ateri. Tafuta ateri nene karibu na shina la utando, ingiza ncha ya bomba la sindano bila sindano yenyewe, na usukume taratibu maji yaliyotiwa rangi ya biriani. Utaona rangi ikijaza tawi, ikaingia kwenye tao, kisha ikatokea kwenye tawi la jirani ambalo hukuligusa. Funga tawi moja kwa uzi na urudie. Rangi ikifika kwa njia nyingine, umeona kupokezana kwa macho yako. Kisha funga ateri ndogo zilizonyooka, tatu au nne zinazofuatana kwenye ukuta wa utumbo, usukume tena, na utazame kipande kisichopata rangi.

Usijifunzie tumbo wala utumbo mpana kwa mbuzi. Anacheua, tumbo lake lina vyumba vinne, na utumbo wake mpana umejiviringa kwa namna isiyofanana na ya mtu. Utando wa utumbo mwembamba unakutosha.

Hatua ya 10: Jipime

Siku tatu baadaye chukua karatasi tupu, uchore yote bila kutazama. Halafu jibu haya kwa kuonyesha kwa kidole kwenye mchoro wako.

Ateri ya ini ya kulia ukiikuta inatoka mesenterika ya juu, ni ugonjwa? Hapana. Hutokea kwa takriban mtu mmoja kati ya kila kumi. Nicholas Michels alipasua maiti 200 na mwaka 1966 akaeleza mipangilio kumi ya ateri za ini. Mpangilio wa vitabuni alioukuta ulikuwa wa nusu na kidogo zaidi. Anayetoa kifuko cha nyongo hafungi ateri yoyote kabla ya kuiona imeingia kwenye kifuko chenyewe.

Wengu ukitolewa, tumbo liko hatarini wapi? Sehemu ya juu, ilikokuwa inalishwa na gastrika fupi.

Na la mwisho, ambalo nataka ulijibu bila kusita. Mama wa miaka hamsini mwenye moyo unaopiga bila mpangilio anafika usiku akilia kwa maumivu ya kitovuni yaliyoanza ghafla saa mbili zilizopita. Ametapika, amekwenda haja. Unamgusa tumbo, ni laini, karibu huoni kitu. Ni ateri ipi? Mesenterika ya juu, mpaka ithibitike vinginevyo. Maumivu makubwa kuliko unachokiona kwenye tumbo ndiyo dalili yenyewe, na tumbo likishakuwa gumu utumbo umekwisha kufa. Baada ya kama saa 6 uharibifu huwa haurudi nyuma. Usimpe dawa ya vidonda vya tumbo ukamrudisha nyumbani. Mwekee dripu, mwite daktari wa upasuaji, omba picha ya CT yenye dawa ya kuonyesha ateri, na kwenye karatasi ya rufaa andika saa maumivu yalipoanza.